Pima ya Arobaini na Moja

Kamba ilikuwa ikichuruzika maji, na mvua haikuwa imenyesha Mamboya tangu Mei.

Costancia aliitazama akiwa mlangoni mwa stoo ya kijiji. Ulikuwa mwaka 1974, na kazi yake ya ujamaa ilikuwa kutunza vifaa vya wale walioshuka kuchunguza mgodi wa ulanga, yale madini ya kumetameta, ulioachwa na Wazungu: kofia ngumu, taa, na kamba moja ya wote. Jana aliifua, akaianika mpaka ikakauka. Sasa ilinuka tope na jasho la mtu.

Akaikagua kwa viganja, pima baada ya pima. Siku zote zilikuwa arobaini. Leo mikono yake ilishika ya arobaini na moja, pale nchani, laini, ya vuguvugu, ikidunda polepole kama mshipa wa shingo.

“Shikamoo, Mwenyekiti. Kamba hii isishuke leo. Ina kitu nchani, niruhusu nikikate.”

“Marahaba.” Mwenyekiti Lupakisyo alitupa jicho huku na huku. “Usinitajie majini, Costancia. Wataalamu wa madini wanakuja Jumatatu. Ukikata mali ya kijiji utaitwa mhujumu.”

Basi kamba ikapelekwa shimoni. Vitalis, mdogo wake wa tumbo moja, ndiye aliyeshuka. Alijifunga ile ncha kiunoni. “Mbona ni katani tu, dada,” alimnong’oneza. “Nikivuta mara tatu, nipandisheni.”

Ikavutwa mara tatu kabla hawajatulia. Costancia na wanaume wanne wakaanza kupandisha, na mzigo ulikuwa mwepesi mno kwa mtu mzima, na harufu ya jasho ilitangulia kupanda, na pima ya thelathini ilipopita mikononi mwao sauti ya Vitalis ikaita kutoka chini kabisa, ikipasuka kwa hofu, “Dada, msivute! Niliifungua kamba, bado niko chini, huyo si mimi!” na papo hapo, karibu na mdomo wa shimo, pale mwanga wa jua ulipoishia, sauti ileile ikasema kwa upole, “Vuteni, dada, mikono inaniuma.”

Wanaume wakaganda.

“Yupi ni yeye?” Lukasi, mmoja wao, alinong’ona.

Kamba ilikuwa ikimdunda Costancia kiganjani. Akachukua panga, akakata.

Hawakusikia kitu kikianguka.

“Vitalis!” aliita. “Vitalis, mdogo wangu!” Akainamia shimo, akaita tena.

Baada ya saa nzima, mtu akatokea chini ya kilima, kwenye mfereji wa zamani wa kutolea maji ya mgodi. Alikuwa Vitalis, tope mpaka kifuani, akitembea kwa miguu yake. Lukasi akaangua kilio cha furaha. Costancia akateremka mbio, akamkumbatia. Alikuwa wa baridi kama jiwe.

“Shikamoo, dada.”

Aliiona midomo yake ikicheza. Lakini sauti ilitoka kule juu, ndani ya shimo.