Nani Aliyetia Upupu Kwenye Jezi?

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua la Handeni halijawa kali, Loveness na mama yake walisogeza mashine ya kufulia kwenye kibaraza cha nyuma. Ilikuwa mashine ya matenki mawili, moja la kufulia na jingine la kukamulia. Mama yake, Yasinta, aliinunua ili afue mashuka ya nyumba za kulala wageni za pale mjini, na hakuwa mtu wa kukubali kazi ifanywe ovyo. Mifuko ilipinduliwa kwanza, isije ikabaki pini au kalamu. Nguo nyeupe ziliwekwa mbali na za rangi. Mikono ilikaushwa kabla ya kugusa plagi, na tenki la kukamulia halikufunguliwa mpaka liache kabisa kuzunguka.

Jumamosi moja Yasinta alilazimika kwenda Korogwe kumwona dada yake aliyelazwa. Jumamosi hiyohiyo ndiyo Loveness alikuwa ameleta nyumbani jezi za timu ya mpira wa pete ya shule. Alijitolea mwenyewe kuzifua, tena kwa sauti ya juu, mbele ya Mwalimu Hosiana. Timu ilikuwa inakwenda Korogwe kucheza Jumamosi iliyofuata, mwalimu alikuwa bado hajateua nahodha, na Loveness aliutaka unahodha huo kupita kiasi.

“Zifue kwa mafungu mawili,” Yasinta alimwagiza akifunga kitenge. “Pima sabuni kwa kifuniko, usikadirie kwa macho. Ukishafua, mwaga maji ya povu, jaza maji safi, suuza. Rudia mpaka maji yatoke maangavu. Umenisikia?”

“Nimesikia, mama.”

Kusikia alisikia. Lakini mama alipoondoka tu, Loveness alizishindilia jezi zote kwenye tenki kwa mara moja. Sabuni akaimimina moja kwa moja kutoka kwenye pakiti, na mkono wake siku hiyo haukuwa na uchoyo. Povu likaumuka, likafurika, likatambaa mpaka mlangoni. Ulipofika wakati wa kusuuza, alichungulia ndani ya simtanki, akaona maji yamebaki kidogo. Bomba lilikuwa halijatoa maji tangu katikati ya wiki, na kwenda kuteka kwa jirani kulikuwa na foleni. Akajiambia kwamba tenki la kukamulia litatoa povu pamoja na maji. Basi akazikamua, akaanza kuzianika.

Alikuwa bado anabana vibanio pale Mashavu alipotokea uani.

Mashavu alikuwa amehamia shuleni kwao mwaka uliopita, akitokea Kwaluguru, na alikaa kwa bibi yake hapo mjini. Alikuwa msichana wa maneno machache na shabaha kali. Tangu afike, nafasi ya ufungaji, ambayo zamani ilikuwa ya Loveness, ilikuwa yake. Loveness hakumwamini hata kidogo. Mashavu akicheka, alijiuliza anamcheka nani. Mashavu akinyamaza, alijiuliza anapanga nini.

“Hodi. Nimekuja kuchukua jezi yangu,” Mashavu alisema. Alisogea kwenye kamba, akashika mkono wa jezi moja, kisha wa nyingine, akaisugua kwa vidole na kukunja uso kidogo.

“Mbona unazishikashika?”

“Hapana, natafuta yangu. Nitaianika kwa bibi.”

Akaitoa kwenye kamba, ikiwa bado mbichi, akaenda zake. Loveness alimsindikiza kwa macho mpaka akapinda kona. Jioni mama aliporudi na kumuuliza kama amesuuza, alijibu bila kupepesa, “Mara mbili.”

Jumatatu timu ilivaa jezi kwa mazoezi. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Lakini wasichana walipoanza kutoka jasho, Ikram, rafiki mkubwa wa Loveness, alisimama katikati ya uwanja akijikuna shingo. Mwingine akafuata, akijikuna makwapa. Muda si mrefu timu nzima ilikuwa inajikuna na kurukaruka, mpira umeachwa ukibingirika wenyewe.

“Upupu!” Ikram alipiga ukelele. “Tumetiwa upupu!”

Hakuna mtoto wa Handeni asiyeujua upupu, yale maganda yenye manyoya laini ambayo upepo ukiyapeperusha hukosi kujikuna mpaka ulie. Wakazivua jezi hizo mbio, wakabaki na fulana zao za ndani, wakatazamana. Hapo ndipo Loveness alipoona jambo moja. Mashavu hakuwa anajikuna. Alikuwa amesimama pembeni na jezi yake mwilini, mtulivu kabisa.

“Mbona wewe huwashwi?” Loveness alimuuliza.

Mashavu aliwatazama wote, mmoja mmoja. “Mimi niliisuuza tena nyumbani. Ilikuwa inateleza.”

“Kama hukujua kuna kitu kwenye jezi, uliisuuza ya nini?”

“Nimeshasema. Ilikuwa inateleza.”

Jibu hilo halikumridhisha mtu. Loveness alimweleza Mwalimu Hosiana jinsi Mashavu alivyofika uani, alivyozishikashika jezi na alivyoondoka haraka na ya kwake. Hayo yote yalikuwa kweli. Jambo moja tu hakuligusa, nalo ni habari ya sabuni na maji. Hata hakuona kama linahusika. Sabuni huondoa uchafu, itamwashaje mtu?

Kufikia Jumanne maneno yalikuwa yamekua. Ikram alidai kwamba huko Kwaluguru upupu umeota kila ua. Mwingine akaapa kwamba Mashavu alionekana na kitu kimefungwa kwenye jani. Loveness alijua Mashavu alikuja uani mikono mitupu, lakini alinyamaza. Kila alipopita karibu na kundi, alisikia jina la Mashavu, na kila aliposikia alizidi kuamini. Darasani hakuna aliyetaka kukaa naye dawati moja. Walikagua viti vyao kabla ya kukaa, wakanusa madaftari yao, wakakunguta sweta zao.

Mwalimu Hosiana aliamuru jezi zitundikwe kwenye uzio nyuma ya ofisi ili upepo na jua viondoe upupu, na pasiwe na mtu wa kuzigusa. Kisha akamwambia Mashavu kwamba baba yake ataitwa Alhamisi, na kwamba hatasafiri na timu.

Mashavu, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akilia, alilia siku hiyo. “Mwalimu, nakuomba. Baba alisema siku akiitwa shule kwa kosa langu, mpira basi. Atanirudisha Kwaluguru.”

“Basi sema ukweli.”

“Nimeusema.”

Loveness alikuwa amesimama mlangoni na rundo la madaftari. Alipaswa kufurahi, lakini hakufurahi. Aliyaweka madaftari mezani, akaondoka bila kumtazama Mashavu.

Alhamisi mchana mawingu yalikusanyika upande wa Misima, na manyunyu yakaanza kuanguka. Loveness, ambaye dawati lake lilikuwa dirishani, alimwona mzee mmoja mwenye kofia ya kushonwa akishuka kwenye bodaboda na kuingia ofisini. Alikuwa Mzee Mdoe, baba yake Mashavu. Mwalimu wa zamu akaja darasani kumchukua Mashavu, naye akatoka akiwa ameinamisha kichwa.

Loveness aligeuza macho dirishani ili asimwone. Ndipo alipoona uzio. Mvua ilikuwa inaziloanisha jezi, na kwenye pindo za jezi hizo kulikuwa na kitu cheupe. Kilijikusanya, kikaning'inia, kikadondoka kwenye udongo mwekundu. Alikodoa macho. Lilikuwa povu. Jezi zote zilikuwa zinatoa povu, isipokuwa ile ya Mashavu.

Upupu hautoi povu.

Alikumbuka uso wa Mashavu akisugua jezi ile kwa vidole. Ilikuwa inateleza. Aliwaambia wote, na wote walimsikia. Mwasho wenyewe haukuja walipovaa, ulikuja walipotoka jasho na kuilowesha sabuni. Mvua ilikuwa inaongezeka. Ikiendelea hivyo, itazisuuza jezi zote, povu litaisha, na hakuna atakayejua. Angeweza kukaa kimya tu. Angekuwa nahodha, na Mashavu angerudi Kwaluguru.

Mvua ilikuwa inamsaidia, na jambo hilo lilimtia hofu kuliko kitu chochote.

Alisimama, hakumwomba mwalimu ruhusa, akatoka mbio. Wenzake walijazana madirishani. Walipomwona anachomoa jezi kwenye uzio wakapiga kelele, “Loveness, upupu! Acha!” Hakuacha. Aliikumbatia ile jezi, akaingia nayo ofisini, maji yakimchuruzika.

Mwalimu Hosiana alikuwa ameketi. Mashavu alikuwa amesimama mbele ya baba yake, na Mzee Mdoe alikuwa ameshika kofia yake magotini, uso umemjaa aibu.

“Shikamoo mzee. Shikamoo mwalimu,” Loveness alisema akihema. Kisha, bila kungoja kuitikiwa, akaiminya jezi juu ya ndoo iliyokuwa pembeni. Povu likamwagika, jeupe na zito, likiteleza katikati ya vidole vyake.

“Hakuna upupu. Ni sabuni. Niliimwaga bila kupima, nikajaza jezi zote kwa mara moja, na sikuzisuuza. Mama nilimdanganya kwamba nimesuuza. Mashavu hakufanya kitu.”

Mzee Mdoe akanyoosha mkono, akachota povu kwa kidole na kulisugua.

“Upupu mimi nalima nao,” alisema polepole. “Huu ungekuwa upupu, mwanangu, usingeweza kuongea hapo.” Akamgeukia bintiye. “Nami nimekuja njia nzima nikiwaza adhabu. Hata kukuuliza sijakuuliza.”

Mwalimu Hosiana aliondoa miwani yake. “Mimi niliuliza, lakini jibu sikulisikiliza. Mashavu, nisamehe. Utasafiri.” Akamtazama Loveness. “Na wewe utayasema haya mstarini kesho asubuhi, mbele ya shule nzima. Unahodha usahau kwanza.”

Alisema mstarini kweli, na Ikram alikuwa wa kwanza kutazama chini.

Siku hiyo mchana, Loveness na mama yake walizifua jezi upya. Safari hii maji yalitekwa kwanza, foleni iwepo isiwepo. Yasinta alisimama kando, mikono kiunoni, akimtazama bintiye akipima sabuni kwa kifuniko, akikausha mikono kabla ya kuchomeka plagi, akingoja tenki linyamaze kabla ya kulifungua. Aliweka fungu moja, kisha la pili, akasuuza na kusuuza tena.

Mashavu alikuja bila kuitwa. Aliamkia, akaomba beseni la maji safi. Kila jezi iliyotoka kukamuliwa aliitumbukiza ndani ya beseni, akaiminya, akayatazama maji kwa makini, ndipo akaianika. Hakumwambia Loveness neno. Hata jezi iliyosuuzwa mara tatu aliinusa.

“Mashavu, nisamehe,” Loveness alisema mwishowe.

“Nimesikia,” Mashavu alijibu, akachukua jezi nyingine na kuitumbukiza majini.

Alipoondoka, Loveness alikaa kwenye kizingiti na kuanza kulia. “Mama, anakagua kila kitu nilichogusa. Haniamini kabisa.”

Yasinta alichomoa plagi, akaviringisha waya, kisha akaketi kando yake.

“Ulitaka akuamini kwa lipi, mwanangu?” alisema kwa upole. “Wewe ulimshuku wiki nzima, na mwenye kosa ulikuwa wewe. Jambo likiharibika, anza kukagua kazi yako mwenyewe kabla ya kumnyooshea mtu kidole. Na ukikosea, sema siku ileile. Nguo hizi tumezirudia mchana mmoja zikatakata. Imani ya mwenzako utaifanyia kazi siku nyingi, na huenda asikurudishie yote.”

Loveness alifuta machozi, akasimama, akaenda kuubana vizuri mkono wa jezi ya Mashavu uliokuwa umeponyoka kwenye kibanio.