Chandarua Kilichonukia Udi

Kila alipotoka shule, kabla hata ya kuvua sare, Walburga alizunguka nyuma ya nyumba kuhesabu vifaranga. Bibi Kunigunda, aliyemlea, alikuwa anasumbuliwa na magoti na hakufika huko mara kwa mara, lakini hesabu ya kuku wake aliidai kila jioni. Vifaranga walikuwa kumi pamoja na mama yao, ndani ya uzio wa fito uliofunikwa juu kwa chandarua. Mwewe wa kijiji cha Mbuji wana njaa mwaka mzima.

Chandarua chenyewe kilikuwa cha Walburga. Aligawiwa shuleni alipokuwa darasa la tatu. Lakini kule milimani kuna baridi, na watu wengi hujiambia kwamba mbu hawawezi kupanda mlima, kwa hiyo vyandarua vilitafutiwa kazi nyingine. Kwa jirani yao, mzee Othmar, kilifunika kitalu cha kabichi. Kwa Bibi Kunigunda kilizuia mwewe, na ni kweli kwamba tangu hapo hakuna kifaranga hata mmoja aliyeugua malaria.

Jumatatu moja ya mwezi wa tisa, Mwalimu Vitalis wa sayansi aliingia darasa la sita akitabasamu, jambo ambalo hakulifanya ovyo. Alitangaza kwamba Ijumaa wangekwenda ziara Ziwa Nyasa, walale usiku mmoja kwenye kisiwa kidogo mbele ya Mbamba Bay. Darasa likalipuka kwa shangwe. Lilipotulia aliandika orodha ubaoni: shuka, kofia, kandambili, chupa ya maji, sabuni, nguo za kubadili. Mwisho kabisa, kwa herufi kubwa, aliandika CHANDARUA SAFI KISICHO NA TUNDU, akapiga mstari chini yake mara tatu.

"Alhamisi nitakagua mizigo," alisema. "Asiye na chandarua asijisumbue kuamka mapema Ijumaa."

Walburga hakuwa amewahi kuliona ziwa. Maji mengi kuliko yote aliyoyajua ni ya mto wakati wa masika. Alilitaka ziwa hilo mpaka usiku ule akakosa usingizi.

"Kifue chandarua chako, ukishone," bibi alimwagiza. "Halafu nenda kwa babu Othmar ukaazime tenga la kufunikia vifaranga. Usingoje siku ya mwisho, Walu. Nakujua."

"Ndiyo, bibi."

Walburga hakuwa mvivu. Tatizo lake ni kwamba kila kazi isiyopendeza aliipa miadi ya kesho, na kesho ilikuwa na kesho yake. Jumanne aliruka kamba na wenzake. Jumatano alifungasha, maana kufungasha kulikuwa kutamu kuliko kufua. Aliweka sweta mbili, blanketi na mabuti ya mvua. Bibi alikuwa amemhakikishia kwamba penye maji mengi ni lazima pawe na baridi kali, ingawa yeye mwenyewe hakuwa amewahi kufika. Kisha bibi akaongeza kilo nne za maharage na mfuko wa kahawa.

"Huendi kwa watu mikono mitupu," alisema. "Na chandarua?"

"Nimeshafua, bibi. Nimeshashona."

"Kiko wapi?"

"Kimo ndani ya begi."

Nyuma ya nyumba, mama kuku alitoa sauti moja ya mshangao. Huenda ilikuwa bahati tu.

Alhamisi mchana ukaguzi ulianza. Mwalimu Vitalis alipita dawati kwa dawati na kalamu yake nyekundu. Aliyetangulia kukaguliwa alikuwa Hafidha, binti wa mwenye duka, rafiki mkubwa wa Walburga. Chandarua chake kilikuwa cheupe kama unga. Mwalimu alipogeuka, Walburga alimnong'oneza, "Niazime kidogo tu. Changu kimesahaulika nyumbani."

"Kimesahaulika au hakijafuliwa?"

"Hafidha, tafadhali!"

Chandarua kikapita chini ya madawati. Mwalimu alipofika kwa Walburga alikiinua, akakitazama kwenye mwanga, kisha akakinusa. Akakinusa tena.

"Walburga, hiki kinanukia udi."

"Ndiyo, Mwalimu. Bibi siku hizi anapenda manukato."

Mwalimu alimfahamu Bibi Kunigunda vizuri. Siku zote bibi huyo alinukia moshi wa jikoni na maganda ya kahawa. Hata hivyo aliweka alama ya vema.

Jioni ile Walburga alikuwa na nafasi ya mwisho ya kufua. Lakini maji yalikuwa ya baridi na ndoo ilikuwa tupu, hivyo akaamua atafua kisiwani, penye maji ya kutosha. Ijumaa alfajiri, gari la shule lilipopiga honi barabarani, alikimbia nyuma ya nyumba, akakivuta chandarua, akakifutika kwenye mfuko wa salfeti bila kukikung'uta. Mama kuku alimfukuza mpaka njiani huku akimpigia makelele. Walburga alidhani anaagwa.

Kutoka mjini Mbinga barabara huteremka kona baada ya kona, na joto hupanda kadiri unavyoshuka. Kila kona mtu alivua sweta. Walburga, aliyekuwa amevaa zote mbili, alikuwa anachuruzika jasho aliposikia mfuko uliokuwa miguuni pake ukisema, "Chwii."

Mfuko ukarudia, "Chwii, chwii."

"Nani amekuja na simu?" Mwalimu Vitalis aliuliza kutoka mbele. "Nimesema simu haziruhusiwi!"

Walburga hakuwa na njia nyingine. Alianza kuimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya juu, na kwa kuwa watoto wa Mbuji hawaachi wimbo ukiimbwa na mtu mmoja, gari zima likaitikia. Waliimba mpaka Mbamba Bay. Wengine walifurahi, ila Walburga aliimba kwa hofu.

Kisha akaliona ziwa. Lilikuwa la buluu, halina mwisho, na kwa dakika moja alisahau udi, kifaranga na uongo wote. Walivalishwa majaketi ya kuelea, wakapanda mashua, na ilipofika saa sita mchana walikuwa kisiwani. Mwenyeji wao, mama mmoja mnene mchangamfu aliyeitwa Mama Recho, aliwapokea mchangani.

"Shikamoo, mama!" waliamkia kwa pamoja.

"Marahaba, wanangu. Mbona mnaye mwenye mabuti? Mvua mmeileta ninyi?"

Kabla hata hawajamaliza kucheka, Mwalimu Vitalis alipiga makofi. "Maji yatawangoja. Kwanza kila mtu afunge chandarua chake. Walburga, anza wewe. Nimekumbuka harufu ile nzuri."

Walburga alifungua mfuko taratibu. Chandarua kilitoka kikiwa na rangi ya udongo, kikafuatwa na manyoya, pumba za mahindi, na mwisho kabisa kifaranga mmoja wa manjano, mzima wa afya, aliyejikung'uta na kuanza kudonoa mchanga.

Darasa zima lilikaa chini kwa kicheko. Mwalimu Vitalis hakucheka. Alitoa orodha yake mfukoni.

"Huyu hayumo," alisema. "Nimeandika kandambili na sabuni. Kuku sikuandika."

Hapo Walburga alianza kulia. Alieleza yote, kuanzia kesho zake mpaka uongo aliomwambia bibi. Hafidha naye akanyoosha mkono. "Mwalimu, udi ni wa kwetu. Mimi ndiye niliyemwazima."

Mwalimu alikitandaza chandarua na kuhesabu matundu. Yalikuwa ishirini na matatu.

"Mashua inarudi Mbamba Bay saa kumi, na Mwalimu Beata aliyetusindikiza anarudi nayo," alisema. "Ninyi wawili mkimaliza kukifua na kukishona, Walburga analala hapa. Msipomaliza, anaondoka nayo. Siwezi kumlaza mtoto wa mtu huku bila chandarua. Mbu wa huku hawaulizi umetoka wapi."

Wenzao wakakimbilia majini. Mama Recho aliwaletea Walburga na Hafidha beseni na kipande cha sabuni. Walburga alifua mpaka maji yakatoka meupe. Alipotaka kukianika juani, Mama Recho alimzuia.

"Kivulini, mwanangu. Jua kali linaua dawa iliyomo."

Upepo wa ziwa ulikikausha upesi. Mama Recho, aliyeshona nyavu za uvuvi tangu utoto wake, akawafundisha kukata viraka kutoka chandarua kikuukuu na kuvishikiza kwa mishono midogo midogo. "Wavu wa samaki ukitoboka, samaki anatoka," alisema. "Chandarua kikitoboka, mbu anaingia. Kwa vyovyote vile unalala njaa au unaumwa."

Walishona huku wakisikia wenzao wakipiga mbizi na kucheka. Walburga alijichoma sindano mara tano. Kifaranga alilala juu ya buti la mvua, na hiyo ndiyo kazi pekee ambayo buti lile lilifanya safari nzima.

Saa kumi kasoro dakika chache, nahodha aliwasha injini. Mwalimu Vitalis alikuja, akakiinua chandarua kwenye mwanga, akakizungusha, akapitisha vidole kila upande.

"Sioni tundu," alisema, na akatoa kalamu nyekundu.

Walburga alitazama ziwa. Alikuwa bado hajalowanisha hata kidole. Angenyamaza tu, angebaki.

"Lipo moja, Mwalimu. Kwenye kona ile, chini ya pindo. Hatujalifikia."

Hafidha alifumba macho. Mwalimu alikunjua pindo na kulikuta, dogo kama punje ya mtama. Alimtazama Walburga kwa muda mrefu kuliko alivyokitazama chandarua. Kisha akamgeukia nahodha.

"Nendeni salama," alisema. "Hawa wawili wanabaki. Wana tundu moja la kushona."

Dakika kumi baadaye Walburga aliingia ziwani na nguo zake zote, akipiga kelele mpaka Mama Recho akatoka jikoni kuangalia kama kuna mamba. Hakuwahi kuwa na furaha kama ile.

Jumamosi jioni alirudi nyumbani na furushi la usipa, dagaa watamu wa ziwani, waliotumwa na Mama Recho kushukuru kwa maharage. Bibi Kunigunda alikuwa amekaa kizingitini na fimbo yake, uso umekunjamana.

"Mwewe amechukua mmoja," alisema hata kabla ya salamu. "Nimemlaani tangu jana asubuhi mpaka sauti imekauka."

"Shikamoo, bibi. Mwewe hana kosa." Walburga alimtoa kifaranga mfukoni na kueleza kila kitu, hata kuhusu udi, bila kuruka neno.

Mabega ya bibi yakaanza kutikisika, na Walburga akadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la kanga. Kisha akatulia.

"Mwaka jana mhudumu wa afya alipita hapa," alisema kwa sauti ya chini. "Akaniuliza chandarua cha mtoto kiko wapi. Nikamwambia kiko kitandani. Masika yale ulitetemeka kwa homa siku tatu, unakumbuka? Nilikuwa nakukanda kwa maji huku kuku wangu wamelala ndani ya chandarua chako. Uongo huo ulinichoma, nikaogopa kuusema."

Walburga alimshika bibi mkono.

"Basi sikiliza, mjukuu wangu, na mimi pia nijisikilize," bibi alisema. "Uongo ni sawa na lile tundu lako la mwisho. Ukilifunika kwa pindo, hakuna anayeliona, lakini mbu atalipata. Ulipolionyesha mwenyewe, ndipo chandarua kilipokuwa kizima. Na kazi ya leo ifanywe leo. Kimbia kwa babu Othmar ukaazime lile tenga."

"Kesho asubu—" Walburga alianza, akaona fimbo ikiinuka, naye tayari alikuwa njiani anakimbia.

Usiku ule vifaranga kumi walilala chini ya tenga, na chandarua kilining'inia juu ya kitanda walichotumia Walburga na bibi. Bibi alikinusa kabla ya kulala.

"Mbona sisikii huo udi wangu?" aliuliza.