Vyumba vya Leonia Pale Rau

Jumamosi, tarehe 8 Juni 1968. Asubuhi ilikuwa ya baridi. Manyunyu yaliulowesha mji wa Moshi, na kilele cha Kibo hakikuonekana kabisa. Karibu na soko, nje ya duka la vifaa vya ujenzi, foleni ya mabati ilikuwa imeshafika barabarani.

Leonia, binti kutoka kijiji cha Kilema, fundi cherehani, aliyevaa gauni la maua ya samawati, alikuwa amesimama pale tangu saa kumi na mbili. Kijana mwenye suti ya kaki iliyopigwa pasi vizuri akajipenyeza mbele yake.

"Kaka, huo mgongo nimeshauona wa kutosha. Rudi nyuma."

"Samahani, dada. Nilidhani unamshikia mumeo nafasi."

"Mume gani? Mabati ni yangu. Najenga chumba cha kupangisha Rau."

Kijana huyo, Crispin, karani wa serikali, akacheka na kurudi nyuma. Walipoufikia mlango, mabati yalikuwa yamekwisha. Wakaondoka wote wawili mikono mitupu, wakigombana kwa utani hadi stendi.

Mabati yalipopatikana, chumba kiliezekwa Agosti. Mpangaji wa kwanza, Filemon, kibarua wa shamba la miwa, alihamia kabla sakafu haijakauka. Nyayo zake zikabaki kwenye saruji. Kodi ile Leonia hakuila. Iligeuka miti, misumari na mawe, na mawe aliyabeba mwenyewe kichwani huku akisali rozari. Baada ya miaka miwili vyumba vilikuwa vinne, na kila Jumapili Crispin alikuja kupaka chokaa.

"Mpenzi, chumba cha tano kitakuwa cha nani?"

"Chetu, ukijifunza kupaka chokaa bila kuivaa."

Kisha Crispin akapandishwa cheo, na ghafla akaacha kuja. Wiki tano zikapita. Leonia akaomba simu dukani kwa Mzee Salehe.

"Halo? Crispin?"

"Leonia, nina kazi nyingi."

"Hiyo kazi inaitwa nani? Avelina wa ofisini kwenu?"

"Hakuna mwanamke. Si jambo la kusema kwenye simu."

"Basi njoo uliseme hapa."

Simu ikakatika. Hakuja. Alimtuma mjomba wake, Melkior.

"Mwanangu, Crispin sasa ni kiongozi," alisema Melkior. "Azimio la chama linamkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, na mke anahesabiwa pamoja na mumewe. Tuiandike kwa jina langu, harusi ipite."

"Mjomba, yale mawe uliyabeba wewe?"

Leonia alikwenda kanisani, akapiga magoti, na sala zote alizozijua zikamtoka kichwani. "Bwana," alinong'ona, "nilikuomba nyumba, ukanipa. Nilikuomba mume, ukanipa. Mbona hukuniambia nitachagua kimoja?"

Jumapili iliyofuata, misa ya Kilema ilipokwisha, Crispin alikuwa nje akiwa na jani la isale mkononi, limefungwa fundo. Kwa Wachagga, anayeletewa isale hana budi kusamehe. Leonia alilipokea kwa hasira.

"Umenifunga kwa jani. Haya, nimekusamehe. Lakini isale haikupi nyumba yangu, wala haimpi mjomba wako."

"Sikuifuata nyumba. Ijumaa nimekirudisha cheo, na kazi nimeiacha."

"Wiki zote hizo ulishindwa kuja kuniambia?"

"Niliogopa. Niliona aibu kukuomba uache ulichokijenga."

Melkior, aliyekuja na Crispin, akakunja uso. Mzee Athanas, baba yake Leonia, akasogea, na wapangaji wa Rau, waliokuja misani na Leonia, wakamfuata.

"Sema kwa sauti," Leonia akamwambia Crispin, machozi yakimlengalenga. "Mjomba asikie."

Crispin akavua kofia.

"Mbele ya baba yako, mjomba wangu na wapangaji wako, naahidi: nyumba ya Rau ni ya Leonia, haitaandikwa jina langu wala la ndugu yangu yeyote. Chumba cha tano nitakijenga kwa mikono hii. Siku nitakapokiezeka, nitapiga hodi mlangoni, na ukinifungulia, nitakuoa."