Wote Ni Akina Nani?

Mzazi mwenzangu, mwanao akiwekwa mtandaoni, uliza nani anamwona.

Asubuhi moja nilikuwa nampeleka binti yangu shule. Tukapita kibanda cha fundi viatu, mtu ambaye hatujawahi kusemezana naye. Akamwita binti majina yake matatu. Mimi mwenyewe simwiti yote matatu, ila akivunja kikombe.

"Hongera kwa lile shairi," akamwambia. "Leo mnatoka saa tisa, sivyo?"

Nikamvuta binti karibu nami. "Umemjulia wapi?"

"Kwenye simu, mama. Nilitafuta shairi la kumsomea mjukuu wangu, akatokea yeye na shairi lake, kwenye ukurasa wa darasa lao. Jina, picha, hadi saa za kutoka."

Fundi hakuwa na ubaya. Lakini si kila anayetafuta anatafuta shairi.

Nikamfuata mwalimu wa darasa ofisini. "Mwalimu, mwanangu anajulikana hadi vibandani."

Akafungua ukurasa wa darasa, aliouunda mwenyewe. Ulitusaidia sana: kazi za nyumbani, siku za majaribio, vitu vya kubeba. Kwenye kundi la wazazi, matangazo yalikuwa yakizama chini ya salamu.

"Lakini mimi nilichagua wazazi wote," akasema.

Tukatazama. Ukurasa uliuliza: Nani aone? Yeye alibonyeza "Wote".

Mwalimu wa hesabu alikuwa pembeni akisahihisha. Akacheka. "Dada, wote ni walimwengu wote."

Mwalimu akashika kichwa. "Mimi nilidhani wote ni sisi."

"Usiufute," mwalimu wa hesabu akamwambia. "Bonyeza 'Walioalikwa tu', kisha waalike wazazi. Majina na picha za watoto ondoa. Huo ni ukurasa wa kazi, si albamu ya harusi."

Mwalimu wa darasa akafanya palepale. Nikajaribu kuufungua kwa simu yangu kabla ya kualikwa. Ukakataa. Sijawahi kufurahia kukataliwa namna ile. Aliponialika, ukafunguka: kesho waje na rula. Hakuna sura ya mtoto hata mmoja. Nikashusha pumzi.

Juma lililofuata tukapita tena kibandani.

"Mama, msomi wetu simwoni tena kwenye simu," fundi akasema.

"Ndivyo tulivyotaka, baba. Ukitaka shairi, mwombe mwenyewe, nami niwepo."

Akaliomba. Binti akalighani lote, ubeti kwa ubeti, mkono wake ukiwa ndani ya wangu.