Macho ya Mwenzako Majini

Kila Jumamosi asubuhi Wangechi alimsaidia mama yake kutundika nguo za mitumba katika soko la Kibuye. Sketi alizitundika upande mmoja na makoti upande mwingine. Akimaliza, alifuta vumbi kwenye miwani yake na kuomba ruhusa. Mama hakuwa na haja ya kuuliza anakwenda wapi. Mtoto huyo alikuwa na wazimu mmoja tu, nao ni kupiga mbizi.

Mwalimu Dorca, mpiga mbizi wa kikosi cha uokoaji ziwani, alikuwa akiwafundisha watoto katika bwawa moja la kuogelea mjini Kisumu. Watakaofaulu mtihani wangepelekwa Port Victoria, wapande mashua na kuzamia ziwani kwa mara ya kwanza. Wangechi aliitaka safari hiyo kuliko kitu chochote duniani.

Shida ilikuwa macho. Bila miwani aliona vizuri vitu vya karibu tu. Siku moja aliivaa miwani ndani ya barakoa ya kuzamia na kuchovya uso katika beseni la nyumbani. Vijiti vya miwani viliacha mwanya kwenye mpira unaobana uso, na maji yakamjaa mpaka puani. Tena shuleni mwanafunzi mwenzake, Antony, alikuwa amemcheka: "Mwenye miwani azamie? Samaki watakufa kwa kicheko!" Basi Wangechi akaamua kuificha miwani mkobani na kunyamaza.

Alikuwa mjanja. Kipimo cha hewa kilikuwa karibu, kwa hiyo alikisoma bila taabu. Ishara ambazo mwalimu alitoa kutoka mbali ndizo asizoziona. Hapo alimwangalia mwenzake wa kuzamia, Griffins, mvulana mwenye mizaha. Griffins akipanda, naye anapanda. Griffins akigeuka, naye anageuka. Mwalimu Dorca hata alimsifu kwa utiifu.

Jumamosi moja alasiri walikuwa chini ya bwawa. Wingu jeusi likaja kutoka upande wa milima ya Nandi, na radi ikaanza kunguruma. Mwalimu, aliyekuwa upande wa pili wa bwawa, akainua kidole gumba. Majini ishara hiyo maana yake ni moja: pandeni juu mara moja.

Wakati huohuo barakoa ya Griffins ilikuwa imeingia maji. Hakuona kitu. Alimgusa Wangechi begani na kugeuza kiganja, kumuuliza mwalimu anasema nini.

Wangechi alikaza macho. Aliona mkono uliotiwa ukungu, basi. Akabahatisha. Akaunganisha kidole gumba na cha shahada kufanya duara: kila kitu kiko sawa. Griffins akamwonyesha mwalimu ishara hiyohiyo, wakabaki chini huku wenzao wote wakitoka.

Mwalimu Dorca aliwafuata mwenyewe, akawashika mikono na kuwapandisha. Walikuwa wamefika tu chini ya paa umeme ulipopiga nyuma ya ukuta, na watoto wakapiga mayowe.

"Griffins!" Mwalimu alimfokea. "Naita mara tatu, nanyi mnanijibu sawa! Umezoea mzaha, hata radi unaifanyia mzaha?"

"Mwalimu, haki ya Mungu sikuona. Barakoa ilikuwa na maji. Wangechi ndiye..." Griffins alimgeukia.

Wangechi alitazama vidole vya miguu yake. Akinena ukweli, Port Victoria ataisikia tu redioni.

"Mvua ikiisha, nenda nyumbani," mwalimu akamwambia Griffins. "Ziwani huendi."

Griffins aliinuka. Alichukua mkoba wake, akasema polepole, "Mimi nilikuamini tu, Wangechi."

Maneno hayo yalimchoma Wangechi. Muhula mzima alikuwa ameyatumia macho ya Griffins bila kumwambia. Siku Griffins alipoyahitaji macho yake, alimpa uongo.

"Mwalimu!" alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Ni mimi. Mbali sioni. Nilibahatisha." Akatoa miwani mkobani na kuivaa, machozi yakimtiririka.

Mvua ilipiga bati. Mwalimu Dorca alimwendea Griffins kwanza. "Nimekukosea, baba. Nisamehe." Kisha akamgeukia Wangechi. "Na wewe, nani alikuambia mwenye miwani hapigi mbizi?"

"Watu, Mwalimu."

"Watu hao wanazamia wapi? Kuna barakoa zenye lenzi za kuonea, kama miwani yako. Lakini mpaka uipate, majini huingii. Utakaa ukingoni na kuosha vifaa vya wenzako."

Mama alimpeleka kwa Bwana Harbhajan, mtengenezaji wa miwani mjini. Mzee huyo alimpima jicho moja baada ya jingine.

"Kwa nini nisivae zile lenzi za kubandika jichoni?" Wangechi aliuliza. "Binamu yangu wa Bondo anazo."

"Maji ya bwawa na ya ziwa yana vijidudu, beti," Bwana Harbhajan alisema, akimwita binti kwa Kipunjabi. "Vikinaswa chini ya lenzi, jicho linaweza kuharibika. Tutafute barakoa yenye vioo viwili, kila jicho liwekewe lenzi ya nguvu yake."

Barakoa ilichelewa kufika. Wangechi aliosha vifaa Jumamosi baada ya Jumamosi bila kununa. Sokoni alifanya mazoezi ya ishara, mpaka wateja wakamuuliza mama kama binti yake ni bubu.

Siku ya mtihani mwalimu alisimama mbali kabisa, akainua mkono. Kupitia lenzi mpya Wangechi alikiona kidole gumba waziwazi, hata plasta iliyokuwa juu yake. Akamgusa Griffins, wakapanda pamoja.

"Mmefaulu," Mwalimu Dorca alisema. "Lakini Griffins, mbona hukunitazama hata mara moja?"

"Wangechi alikuwa anatazama, Mwalimu."

Mwalimu alitikisa kichwa, akajizuia kucheka. "Mtihani ujao mtatazama wote wawili. Nanyi wengine, sikieni. Udhaifu wa mwili si aibu, nao mara nyingi una dawa. Ukiuficha, mwenzako ndiye atakayeumia, kwa sababu yeye anakuamini."

Wangechi hakuivua barakoa yake haraka. Hakutaka Griffins aone kwamba analia.