Bahari ya Sebuleni kwa Zuber

Sikilizeni, enyi wenye nyumba na wenye kutarajia kuwa na nyumba. Jambo hili lilitokea hapa hapa Tukuyu, si mbali na soko, katika miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa na kila mwenye mtaji akakimbilia kupita.

Asubuhi ilikuwa tulivu. Mvua ilikuwa imekatika, ukungu umeushika mlima Rungwe kiunoni, na maji yakidondoka taratibu kutoka kwenye majani ya migomba nyuma ya ukuta. Sebuleni kwa Bwana Zuber, mwenye duka la jumla, bahari ilikuwa ikiwaka taa. Lilikuwa tangi la kioo refu kuliko kitanda, lenye maji ya chumvi, mawe yaliyotolewa baharini yakiwa na viumbe hai ndani yake, matumbawe ya zambarau, na samaki wa rangi ya chungwa wenye milia myeupe. Watu wengi wa mji ule hawakuwahi kuiona bahari. Zuber alikuwa nayo nyumbani.

Kuruthumu, mkewe, aliketi mbele ya kioo na sahani ya ndizi na maharage mapajani. Alitia kijiko kinywani, kisha akachukua kopo la chakula cha samaki akanyunyiza. Kijiko kingine, akanyunyiza tena. Alipoinua macho aliona kwamba tumbawe kubwa limejifumba na kugeuka rangi ya majivu, na kioo kimeota utelezi wa kijani. Samaki mmoja alikuwa amelala ubavu chini ya jiwe. Kijiko kikabaki mkononi mwake.

Zuber hakuwa mtu mwovu, na hilo nalisema mapema ili asije mtu akajifariji kwamba hadithi hii inawahusu wengine. Alikuwa mchapa kazi. Leo yuko Tunduma, kesho Kariakoo, mwezi ujao Dubai. Kila aliporudi alileta kitu: jokofu, zulia, dishi la televisheni, na hatimaye bahari. Fundi aliyekuja nayo kutoka Dar es Salaam alimfundisha Kuruthumu kuchanganya chumvi ya pakiti na kuyapima maji kwa matone ya dawa, kisha akaenda zake. Vitu vilipozidi, Zuber alijenga ukuta. Ukuta ukapata geti, geti likapata kufuli, na amri ikatoka kwamba wanawake wa jirani wasiingie, kwa kuwa macho yao hayatulii. Binti yao wa pekee, Nusrat, alikuwa bweni Morogoro.

Kuruthumu alizaliwa Lufingo, kijiji kilicho juu ya mji, na Lufingo mtu hali peke yake. Wanyakyusa huita ukwangala ule utamu wa kuketi na wenzako, mkala na kuzungumza; mtu mzima anayejifungia na sahani yake hutiliwa shaka. Sisi tuliosoma bweni tulifunzwa jambo hilo hilo kwa kengele na kwa kiboko, na hatujutii. Lakini Kuruthumu ale na nani? Aliona samaki wakija mbio kiooni kila alipokaribia. Hapakuwa na mwingine aliyemkimbilia namna ile. Basi akawafanya wenzake wa sinia moja, na mwenzako wa sinia humwachi akutazame huku wewe unatafuna.

Alimpigia mumewe simu.

“Baba Nusrat, matumbawe yanakufa.”

“Yanakufa vipi? Umeme umekatika?”

“Haujakatika. Nimepima maji, rangi imekuwa nyekundu sana.”

“Muddy wa dukani atakuletea dawa nikishaipata. Usiniulie samaki, mama. Nimewasifia kwa watu.”

“Na mimi nilikuwa na homa wiki hii.”

“Pole. Si uende hospitali? Pesa zipo.”

Simu ikakatika.

Mchana ule alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu: alifungua geti akatoka kwa miguu, akaenda kwa Mwalimu Anyelwisye aliyefundisha kemia katika sekondari. Mwalimu alikuja pamoja na mkewe, Tulia, kama heshima inavyotaka kwa nyumba ambayo mume hayupo. Akapima maji ya bomba kwanza, akayakuta safi. Akapima ya tangi, akamwonyesha mkewe wekundu wa kipimo.

“Wanakula mara ngapi?” Tulia aliuliza.

“Nikila mimi, nao wanakula.”

“Na wewe unakula mara ngapi?”

“Siku hizi mara nyingi. Nina kazi gani nyingine?”

Tulia aliwatazama samaki wale wanene. “Kumbe. Hawa wanashiba kuliko mume wangu.”

“Mume wako anasikia,” alisema Mwalimu bila kugeuka.

Kuruthumu alicheka, akashangaa kuisikia sauti yake mwenyewe humo sebuleni.

Mwalimu akaeleza. Chakula kisicholiwa, pamoja na kinyesi cha samaki, huoza mchangani. Uozo huo hugeuka mara moja, hugeuka tena, na mwisho wake ni nitrati, sumu isiyo na rangi wala harufu. Baharini kwenyewe ni kidogo mno. Katika tangi haina pa kwenda, basi hujilimbikiza mpaka matumbawe yanajifumba na utelezi unatawala. “Maji haya hayajapungukiwa na kitu, Mama Nusrat,” alisema. “Yamezidiwa.”

Akamwamuru kama aamuruvyo darasani. Awape samaki chakula mara moja kwa siku, kidogo, kiasi cha kuisha akiwa anatazama. Auvute uchafu wa mchangani kwa mpira. Asuuze sifongo za kuchujia mara kwa mara, kwa maji yale yale yaliyotolewa tangini. Abadilishe sehemu tu ya maji kila wiki kwa maji mapya ya chumvi, asiyamwage yote kwa pamoja kamwe. Aoteshe mwani pembeni chini ya taa, kwani mwani huila nitrati, kisha auvune na kuutupa nje. Mawe asiyasugue wala kuyatoa, maana ndani yake wamo vijidudu wanaoimaliza nitrati kimyakimya. “Na usiongeze samaki hata mmoja,” alimaliza. “Hiyo dawa ya dukani ikija, iweke kabatini.”

Kazi haikuwa nyepesi. Ndoo zilikuwa nzito, na kilichomwelemea zaidi kilikuwa kuwanyima wale samaki. Walipanga mstari kiooni wakifumbua vinywa, naye akageuza uso kama mama anayemwachisha mtoto ziwa. Ilimbidi apate wengine wa kula nao. Tulia alikuja kusaidia ndoo akabaki kwa chakula. Kesho yake akaja na jirani yao Felista, muuza ndizi. Wakakaa chini kwenye zulia la Dubai, sinia katikati, wakimsengenya mwenye nyumba aliyempangisha Felista mpaka machozi yakawatoka. Wiki zikapita. Rangi ya kipimo ikatoka wekundu, ikaja ya machungwa, ikafifia kuwa njano hafifu. Tumbawe kubwa likafumbuka.

Ndipo Zuber aliporudi, na Muddy nyuma yake amebeba mifuko ya samaki wapya waliotoka Dar es Salaam. Aliwakuta wanawake watatu wakila.

“Shikamoo, baba,” alisema Felista akinyanyuka.

“Marahaba. Naona kuna shughuli.” Akasimama kando ya zulia, akaangalia saa yake, wala hakuketi. Tulia alifahamu. Akavaa kandambili zake, na Felista akamfuata, mkono bado una mchuzi.

“Baba Nusrat, hao samaki wasiingie,” Kuruthumu alisema. “Maji ndiyo kwanza yamepona.”

“Yakichafuka nitaleta mengine. Wewe unapungukiwa nini humu ndani, mpaka ulete soko sebuleni?”

“Sijapungukiwa. Nimezidiwa.”

Zuber alimtazama kama mtu aliyesemeshwa lugha asiyoijua. Kisha akamwambia Muddy afungue mifuko. Alipoondoka asubuhi kurudi Dar es Salaam, aliutia ufunguo wa geti aliokuwa nao mkewe katika shada lake la funguo, akamwachia Muddy mwingine.

Ndugu zangu, mwanamke huyo hakupiga kelele. Alimwomba Muddy amfungulie, akachukua kanga mbili na shuka, akapanda kwenda Lufingo kwa kaka yake Uwesu. Muddy aliachiwa samaki, naye aliwamwagia chakula kwa vikombe ili asilaumiwe kwamba wamekonda. Zuber aliporudi nyumba ilinuka. Kwa hasira na haraka alimwaga maji yote, akayasugua mawe kwa brashi mpaka yakawa meupe, akajaza upya. Ndani ya siku chache hapakubaki kitu chenye uhai mle.

Akaenda Lufingo siku ya Ijumaa, baada ya sala, amevaa kanzu iliyopigwa pasi.

Uwesu alimpokea kwa heshima zote. Alimketisha chumba cha mbele, akatandika kitambaa cha meza, akaleta kuku mzima, wali, ndizi za kukaanga na maziwa. Kisha akaelekea mlangoni.

“Shemeji, hukai tule?” Zuber aliuliza.

“Wewe ni mgeni mkubwa, shemeji. Vyote hivyo ni vyako.”

Kuruthumu alikuwa upande wa pili wa pazia. Nyuma yake, uani, mama yake na mawifi walikuwa wamezunguka sinia na mmoja wao anasimulia jambo. Mbele yake alisikia kijiko kimoja kikigusa sahani, kikatulia, kikagusa tena. Aliifahamu sauti ile. Alikuwa ameisikia kwa miaka, ikitoka kwenye sahani yake mwenyewe.

Aliingia kutoa vyombo. Kuku alikuwa hajaguswa.

“Mama Nusrat, twende nyumbani.”

“Kuna nani nyumbani?”

Zuber alifungua kinywa. Akaanza kusema jambo juu ya jokofu jipya, akaliacha katikati. Kuruthumu alingoja jibu kwa subira, kwani alitaka liwepo. Kisha akainua sinia lenye vyombo, akatoka nalo uani, na wenzake wakasogea kumpa nafasi. Aliketi. Hakuna aliyemwona akifuta macho ila mama yake, naye akamsogezea maji ya kunawa. Baada ya kitambo walilisikia gari la Zuber likiteremka kuelekea Tukuyu.

MAFUNZO

Wanaume wenzangu, someni hapa polepole. Biashara imeruhusiwa, na hakuna aliyewakataza kutajirika. Lakini mke si ghala la kupokelea mizigo. Kilichoiua bahari ya Zuber ni wingi uliomiminwa bila mtu wa kukaa na kutazama unaishia wapi. Na hicho ndicho kilichoiua nyumba yake. Anayetuma vitu badala ya kuja mwenyewe, na mpweke anayelisha kila kinachomkaribia, wote wawili wanafanya kosa moja, ingawa wa kwanza ndiye mwenye dhambi kubwa zaidi.

Maji yaliyozidiwa hutibiwa kwa kupunguza, kidogo kidogo, kila wiki, na mtu yule yule akiwapo. Hakuna chupa ya dawa inayofanya kazi hiyo, wala haifanywi kwa simu. Mwenye geti na alifungue, aketi chini, ale na watu wake wangali wanamtaka.