Nyayo Chini ya Nyasi Bandia

Aliyepatwa na mkasa huu ni fundi wa nyasi bandia ambaye mtaani tunamwita Kapeti. Ni mtu wa utani usio na kikomo, lakini mtajie uani kwa kaka yake uone. Anabaki kuangalia viatu vyake.

Ilianza kwa kazi ya kawaida kabisa. Kaka yake mkubwa alitaka kiwanja kidogo cha gofu uani, cha kusukumia mipira ya karibu na shimo, kwa ajili ya baba yao. Mzee alikuwa amebeba mifuko ya wachezaji gofu maisha yake yote. Aliwachagulia fimbo, akawasomea mteremko, na yeye mwenyewe hakuruhusiwa kupiga hata mpira mmoja. Sasa kiharusi kilikuwa kimempoozesha upande wa kushoto. Alikuwa akienda hatua chache tu, mguu ukiburuzika, mkazamwana wake amemshika kwapani. Daktari alisema akipata hamu ya kusimama, atatembea. Hiyo hamu ndiyo waliyokuwa wanamjengea.

"Baba, shimo tuweke wapi?" Kapeti akamuuliza.

Mzee, akiwa barazani kwenye kiti cha magurudumu, akanyoosha mkono wa kulia. "Pale penye kivuli. Na usinidanganye na mteremko, sikuzaliwa jana." Wakacheka wote.

Kapeti aling'oa majani, akamwaga kokoto, na juu yake vumbi la mawe. Akalowesha, akashindilia kwa mashine mpaka madirisha yakatetemeka. Mafundi wa kazi hii wana kipimo chao: wanakanyaga kwa kisigino. Alama ikibaki, unarudia. Isipobaki, sakafu imekubali. Kapeti alikanyaga, kisha akaruka kwa uzito wake wote, na hakuna alama iliyobaki. Akaenda zake nyumbani ameridhika.

Asubuhi yake akakuta nyayo.

Zilikuwa za miguu mitupu, zimedidimia kama kwenye tope. Zilianzia chini ya dirisha la Mzee, zikaelekea kwenye shimo, zikaishia katikati ya njia. Unyayo wa kulia ulikuwa umetimia. Wa kushoto ulikuwa umeburuza vidole.

Kapeti alifurahi, jamani! Akamkimbilia mke wa kaka yake jikoni. "Shemeji, Baba katembea!"

"Katembea wapi? Nimekesha naye mimi. Hata kugeuka, nimemgeuza mwenyewe."

Kapeti akadhani anataniwa. Aliporudi uani akakanyaga kando ya unyayo mmoja kwa buti lake. Palikuwa pagumu kama saruji. Akavua buti, akakanyaga kwa mguu mtupu. Hakuna kitu. Kicheko kikamwishia.

Utaratibu wa kazi anaujua. Alama yoyote unaikwaruza, unalowesha, unashindilia upya, ndipo unatandika. Lakini mawingu yalikuwa yamejikusanya, na gundi haishiki kwenye unyevu. Halafu kaka yake alikuwa amemsimamia kama askari. "Dogo, leo Mzee anapiga mpira. Usinitie aibu." Kapeti akazitazama zile nyayo, akajiambia, nani atafunua? Akatandika nyasi juu yake. Akapaka gundi pembezoni, akamwaga mchanga mkavu na kuufagia mpaka ukazama.

Alipokandamiza pembe ya mwisho kwa mguu, Mzee alipiga kelele kule barazani.

"Mnanikanyaga!"

Hapakuwa na mtu karibu naye.

Wakamvua soksi. Miguu ilikuwa ya baridi. Chini yake palikuwa na alama ndogo za mviringo, zimejipanga safu kwa safu. Kapeti alizitambua papo hapo. Yalikuwa matundu ya kupitishia maji, yale yaliyo kwenye mgongo wa zulia la nyasi. Na katikati ya vidole palikuwa na mchanga mkavu.

Tangu hapo Mzee hakusimama tena. Daktari akaja, akapima, akasema damu inapita vizuri na haelewi. Mzee alikuwa akinong'ona tu. "Nitoeni. Panabana." Kapeti hakuweza kula. Alijua alichokifanya, na aliogopa kumpoteza baba yake kwa uzembe wake mwenyewe.

Mchana mmoja, jua likiwa la utosi, akachukua kisu cha kazi na kuanza kuchana.

"Una wazimu wewe?" kaka yake akafoka.

"Ninao. Shika huko, vuta."

Wakafunua. Nyayo zilikuwa zimeongezeka.

Pale zilipokuwa zimeishia, zilikuwa zimeendelea, chini ya zulia lililogandishwa pande zote. Zilifika mpaka kwenye shimo. Mbili za mwisho zilisimama sambamba kando yake, kama za mtu anayejiandaa kupiga mpira. Kaka yake akaliachia zulia.

Kapeti akapiga magoti na reki ya chuma, akaanza kukwaruza kuanzia dirishani. Unyayo wa kwanza ukafutika.

"Anachezesha vidole!" shemeji yake akaita kutoka ndani.

Akafuta mwingine. Na mwingine.

"Miguu inapata joto! Endelea, shemeji!"

Kapeti alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Alikwaruza bila kupumzika mpaka zikabaki zile mbili tu. Hapo reki ikateleza. Akabonyeza kwa nguvu zote. Ikateleza tena.

"Hizo ziache, mwanangu."

Sauti ilitoka dirishani. Kapeti akainua kichwa. Baba yake alikuwa amesimama. Hakushikwa na mtu. Mkono wa kushoto, ule uliokufa, ulikuwa umeshika nondo ya dirisha.

"Unamwona?" kaka yake akanong'ona.

"Namwona."

Ndani, shemeji yake akapiga ukunga. "Njooni! Hapumui! Jamani, Baba hapumui!"

Wakaingia mbio. Mzee alikuwa kitandani, chali, shuka imemfika kifuani. Dirishani hapakuwa na mtu.

Mpaka leo Kapeti hajui alifanya nini siku ile. Huenda alimfungua baba yake. Huenda alimfutia hatua zake zilizobaki, moja baada ya nyingine, kwa mkono wake mwenyewe. Hilo ndilo linalomnyima usingizi.

Kaka yake hakutaka tena kitu chochote kitandikwe pale. Mvua zimechimba lile vumbi la mawe, magugu yameota kila mahali, isipokuwa penye zile nyayo mbili. Kapeti akienda kumsalimia shemeji yake, hupita uani kwanza, akainama na kuugusa unyayo wa kushoto. Huo hauburuzi. Vidole vyote vimekaa sawasawa, kisigino kimetua vizuri. Na kila anapouwekea kiganja, anakuta pana joto, kana kwamba mguu umeondoka hapo sasa hivi.